Lebo Iliyokosa Rangi

Mtaani walimwita dada yangu Bi Sindano, na wengi walidhani ni kwa sababu ya ulimi wake. Ulimi alikuwa nao, sikatai, lakini jina lilitokana na kazi. Dada alikuwa anashona majani. Ukimwambia mtu hivyo anacheka, halafu anauliza majani gani, ya chai? Kwa hiyo nitaeleza taratibu, maana nimebaki mimi peke yangu ninayeijua habari hii tangu mwanzo, na wakwe zangu wanaisimulia vibaya.

Nyuma ya ofisi za kilimo kulikuwa na jengo refu la madirisha madogo, lenye harufu ya naftalini hata ukiwa bado uko nje. Ndiyo nyumba ya mimea mikavu. Wataalamu walikwenda maporini wakang'oa mmea mzima, mizizi kwa ua, wakaulaza katikati ya magazeti ya zamani na kuubana kwa mbao mbili na mikanda. Hicho waliita kibanio. Magazeti hubadilishwa kila siku, kwa sababu mmea hutoa maji kama mgonjwa wa homa. Ukishakauka unalazwa juu ya kadi nyeupe ngumu na kushikizwa kwa uzi, kwa mishono midogo kama matone, tone moja huku, tone moja kule, bila kupasua jani. Chini pembeni inabandikwa lebo: ulitoka wapi, juu kiasi gani, siku gani, nani aliuchukua, na ua lake lilikuwa la rangi gani. Hapo kwenye rangi ndipo penye maneno. Umbo la ua linakaa miaka mia kwenye kadi. Rangi haikai. Ua likikauka linakuwa la rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kunywewa, na asiyeandika mapema hana tena la kuandika.

Dada aliingia pale ana miaka ishirini na miwili, akitokea kwa fundi cherehani alikokuwa akishona vifungo. Mkuu wa nyumba ile, mzee mkavu kama mimea yake, alimpa jani lililokauka na sindano. Dada akalishona. Mkuu akaligeuza, akaligeuza tena, akamwambia aje Jumatatu. Mahojiano yote ya kazi yalikuwa hayo.

Mwezi wake wa tatu kazini ndipo alipokosea.

Kulikuwa na mkusanyaji mmoja waliyemwita Miguu, kwa vile alipanda milima yote kwa miguu na hakuna aliyewahi kumwona amepanda kitu kingine. Alhamisi moja alishuka kutoka kwenye nyanda za nyasi za juu kabisa, kule miti inapokoma na mawe hayajaanza. Moto ulikuwa umepita huko, nyasi zote zimekuwa majivu, na ndani ya majivu alikuta vimea saba vidogo, kila kimoja na ua moja, kubwa kiasi cha kikombe cha kahawa. Hajawahi kuliona mahali pengine popote. Alichukua kimoja. Mvua ikamkuta njiani, daftari lake likawa uji. Hata hivyo hakuwa na wasiwasi: rangi hudumu siku moja kwenye kibanio. Akasema kesho asubuhi atakuja, wafungue pamoja, waandike.

Jioni ile ile mkuu aliitwa kwenye mazishi ya ndugu yake. Akiwa mlangoni, kofia mkononi, alimwambia dada, "Asiguse mtu vibanio mpaka nirudi." Nadhani aliwafikiria wageni. Lakini sisi tulilelewa na baba ambaye neno la mkubwa kwake lilikuwa ukuta, hulizunguki wala huliruki. Ijumaa asubuhi Miguu akaja. Dada akasimama mbele ya meza akamwambia kwa heshima zote kwamba haiwezekani, ameambiwa asiguse mtu. Miguu alicheka, akambembeleza, akaapa kwamba yeye si mtu, ni Miguu. Dada hakutikisika. Mchana akaondoka kwenda mlima mwingine.

Mkuu alikaa huko siku tano. Aliporudi wakafungua kibanio, magazeti yamelowa, na ua limekuwa la chai.

Dada alinihadithia kwamba mkuu hakupaza sauti. Alivua miwani, akaifuta, akasema, "Mkaidi ana dawa yake, binti. Mtiifu kama wewe sijui nimpe dawa gani."

Baada ya mwezi Miguu alirejea wakamuuliza. Akasema ua lilikuwa jeupe, jeupe kama shuka jipya. Siku ya pili akaja mwenyewe na kusema hapana, alikumbuka vizuri alipolala, lilikuwa jekundu la kuelekea zambarau. Mkuu akatupa penseli mezani. Hapa, alisema, hatuandiki ya kukumbuka. Tunaandika kilichoonwa, na nani aliyekiona. Pale kwenye rangi pakaachwa wazi, na dada ndiye aliyepewa kadi ile aishone.

Angekuwa mtu mwingine angesahau. Lakini mlima ule ulifanywa hifadhi mwaka uliofuata, na kuchoma nyasi kukakatazwa. Kumbe ua lile halitoki mpaka moto upite. Nyasi zikiwa ndefu linabaki ardhini kama kitunguu, linasubiri. Wakapelekwa watu mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, wakarudi na matope kwenye viatu. Miguu akazeeka, akafa. Duniani kote, kwa walivyojua wao, likabaki ua moja la chai kwenye kabati la kumi na nne, lenye lebo iliyojazwa yote isipokuwa sehemu moja.

Siku moja nilimpitia kazini, nikitoka zamu. Mimi nilikuwa dobi wa hospitali, na nilikuwa dobi hasa, si wa kuloweka na kuanika tu. Akanivuta hadi kwenye kabati, akatoa kadi, akaniambia nisome. Nilisoma mpaka darasa la saba na mwalimu alikuwa akiniita mbele nisomee wenzangu, kwa hiyo nilisoma vizuri, kwa sauti. Nilipofika kwenye rangi nikamwambia mbona hapa hakuna kitu.

"Hapo hapo," akasema. "Hapo pasipo na kitu ndipo ninapokuonyesha."

Sikuelewa. Nilikuwa na watoto wawili wadogo na mume wa kumpikia, mambo ya nafasi tupu sikuwa nayo.

Yeye hakuolewa. Walikuja watu wawili watatu, mmoja mwalimu kabisa mwenye baiskeli, akawapa chai wakanywa wakaenda. Shangazi zetu wakawa wanamtania kwamba mchumba wake yuko mlimani na anakuja kwa miguu. Alicheka nao. Lakini alikuwa na kopo la biskuti lililojaa mabaki ya nyuzi za kazini, kila rangi ameizungusha kwenye kipande chake cha kadi. Akija kwangu Jumapili alikaa barazani, akalifungua kopo, akatoa uzi mmoja akaunyanyua kwenye mwanga. "Labda hivi," anasema. Halafu anaurudisha, anatoa mwingine. "Au hivi." Wanangu walidhani ni mchezo, wakawa wanamchagulia. Binti yangu mkubwa kila mara alimchagulia njano. Miaka ishirini na kitu nilimwona dada yangu akifanya hivyo, na sikumwuliza hata siku moja anaona nini mbele ya macho yake.

Kisha macho yenyewe yakaanza kumsaliti. Presha ya macho, daktari akasema. La kushoto lilikwisha kuondoka, la kulia lilikuwa na miaka miwili au mitatu. Dada alirudi nyumbani, akachukua mkasi, akaanza kukata pengo kwenye kadi za nyuzi zake: weupe wa kwanza pengo moja, weupe wa pili mawili, weupe wa tatu matatu, akaendelea hivyo hadi kumi na sita. Kila pengo alilipitishia kidole. Nikamwambia unajichimbia kaburi mapema. Akanijibu kwamba mwenye busara hununua mshumaa kabla taa haijazimika.

Miezi michache baadaye radi ilipiga nyanda za juu, nyasi zikaungua siku mbili. Jumatano moja mlinzi wa hifadhi akapiga simu nyumba ya mimea: vimea vimetoka kwenye majivu, vimefunga matumba, bado siku mbili tatu vichanue. Yeye mwenyewe alikuwa anahamishiwa upande wa pili wa mlima kuzima mabaki ya moto. Wataalamu walikuwa safarini, gari liko gereji. Dada akaomba ruhusa aende yeye, kwa basi. Wakamkubalia siku hiyo hiyo.

Jumamosi ya wiki ile ilikuwa harusi ya binti yangu mkubwa.

Nataka niliandike hili kama lilivyokuwa. Alikuja kwangu kuaga, amejifunga kitambaa, mkoba begani, lile kopo limetuna ndani yake. Nyumba imejaa masufuria na wageni. Akasema atakosa sherehe lakini atarudi Jumatatu na zawadi. Mimi nilikuwa nimeshatangaza kwa upande wa bwana harusi kwamba mama mkubwa wa bibi harusi atakaa mstari wa mbele, mfanyakazi wa serikali, mtu wa heshima. Nilimwangalia na ule mkoba wake, na damu ikanipanda.

"Asiyekuwepo na lake halipo, dada," nikamwambia mbele ya watu. "Ua halina ndugu. Mwanangu ana mama mkubwa mmoja tu."

Halafu akautua mkoba chini, karibu na gunia la viazi.

"Haya, mdogo wangu," akasema. "Nipe kisu nimenye."

Alikaa mstari wa mbele, gauni la buluu, amependeza. Nina picha saba za siku ile na katika zote saba anatazama pembeni, nje ya picha. Upande wa bwana harusi walisema mama mkubwa anaringa.

Jumatatu alfajiri alipanda basi. Alhamisi alirudi, akaja moja kwa moja kwangu na vumbi lake, akafungua mkono. Ndani ya karatasi kulikuwa na vikonyo vitatu vyenye mbegu. Maua yalikuwa yameanguka Jumapili, na yale aliyoyakuta chini yalishakuwa ya chai. Hakunilaumu. Angenilaumu ningejitetea, maana kujitetea najua. Alisema tu nimwekee maji ya kunawa miguu.

Hata hivyo, vile vikonyo vilisaidia kitu. Mkuu mpya wa nyumba ya mimea, mama mmoja mfupi mwenye haraka, aliandikia hifadhi kwamba mmea ule bila moto utakwisha. Wakabishana kwa barua miaka mitatu. Mwisho wakakubali kuchoma kipande kidogo cha nyasi kila baada ya miaka kadhaa, kwa uangalizi. Lakini katika miaka hiyo mitatu jicho la kulia nalo lilikwenda. Dada akastaafu, akahamia kwangu, chumba cha mbele. Alimenya, akakunja nguo, akawasuka wajukuu nywele kwa vidole vyake vile. Jumapili alikaa barazani na kopo, anapitisha kidole kwenye mapengo. Hakusema tena "labda hivi".

Simu ilipokuja mara ya pili ilipigwa kwangu. Mlinzi yule yule. Wamechoma, matumba yapo, wiki hii. Dada alikuwa anasikia, kwa sababu mlinzi ana sauti ya kuitia ng'ombe. Alinyanyuka akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Nilichukua mkoba wake ule ule nikaujaza mimi mwenyewe: sweta mbili, mikate, chupa ya chai, kopo. Nikagonga.

"Vaa viatu, tunaenda."

"Wapi?"

"Unapajua."

"Mimi sioni," akasema nyuma ya mlango.

"Mimi naona. Vaa viatu."

Gari la nyumba ya mimea lilitufikisha kwenye kibanda cha walinzi, tukalala huko, na asubuhi tukapanda. Dada alishika mkanda wa mkoba mgongoni kwangu, na mlinzi akatangulia akitaja mawe. Nilikuwa na miaka hamsini na minne na magoti yaliyosimama miaka ishirini na sita kwenye sakafu yenye maji ya sabuni, na nililalamika njia nzima. Dada akamwambia mlinzi asiogope, mdogo wake akinyamaza ndipo amchukulie machela. Tulipoivuka miti upepo ukabadilika. Nyasi ndefu, kijivu, zinalala na kuinuka pamoja kama shuka kubwa kwenye kamba. Kisha pale pameungua, peusi, na ndani ya ule weusi nyasi changa kama sindano za kijani. Saa tatu ilikuwa bado haijafika.

Niliyaona kabla mlinzi hajanionyesha. Yalikuwa kumi na moja. Nilimpigisha dada magoti mbele ya moja, nikamshika mkono nikampeleka. Akaligusa kwa mgongo wa kidole, kama mtu anavyopima homa ya mtoto mchanga. Alikaa hivyo muda. Halafu akafungua kopo.

"Haya," akasema. "Usiniambie jina la rangi. Niambie uzi."

Lilikuwa jeupe. Nilishika weupe wote watatu mmoja mmoja kando ya ua, nikasogea ili kivuli changu kisidanganye. Weupe wa kwanza ulikuwa mkali mno. Wa tatu una umanjano. Nikampa wa pili. Akapitisha kidole kwenye mapengo mawili, akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia nimefua mashuka ya hospitali miaka ishirini na sita, kama kuna mtu juu ya mlima huu anayejua weupe ni mimi, nikamfokea kidogo na mlinzi aliyekuwa akitabasamu. Dada akakata kipande cha uzi ule akakifunga kwenye shina la ua, taratibu, kama walivyofanya kazini, ili kilichopimwa kijulikane. Mapengo mawili, alisema, mapengo mawili, anarudia.

Tukakaa chini ya jabali lililokinga upepo, tumeligeuzia ua mgongo, tukala mkate na kunywa chai, nikayapumzisha magoti hadi jua likapinda. Alitaka nimsimulie majani yalivyokaa, ua lilivyoelekea. Mara moja alisema kwamba maziwa aliyotuchemshia mama utotoni yalikuwa na weupe huo huo, wa mapengo mawili, yanapotoka kupoa. Mwilini mwake mlikuwa na utulivu ambao sikuwa nimeuona miaka mingi, na mimi nikajiona nimelipa deni.

Saa tisa mlinzi akasema tushuke, ukungu unakuja. Nilikwenda kuchukua kopo lililobaki kule. Nikainama, na nikabaki nimeinama.

Ua halikuwa jeupe. Lilikuwa jekundu la waridi, na katikati limeanza kuelekea zambarau. Nilidhani nimekosea ua. Lakini uzi ulikuwa pale kwenye shina, mweupe, umefungwa na dada mwenyewe, na juu yake petali ambazo hazifanani nao kabisa. Nikatazama mengine. Yote kumi na moja.

Dada alikuwa amesimama kando ya jabali, mkono kwenye bega la mlinzi, anatabasamu upande wa bonde. Angeshuka na weupe wake, angekufa nao, asingejua. Na mimi nilikuwa nimeapa kwa mashuka yangu yote. Mlinzi alikuwa hajageuka. Nilihesabu hatua zangu hadi pale aliposimama, zilikuwa kumi na tisa.

"Dada, nilichokuambia asubuhi sicho."

Tabasamu likaondoka. "Umekosea?"

"Sikukosea. Limegeuka. Sasa ni jekundu, jekundu la kwenda kwenye zambarau. Uzi wako uko pale pale kwenye shina."

Aliliachia bega la mlinzi. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha chini, na machozi yanashuka kwenye macho yale yasiyofanya kazi nyingine.

"Basi Miguu hakuwa mwongo," akasema. "Yale yote mawili alikuwa ameyaona." Na baada ya kidogo, "Kumbe hata ningemfungulia siku ile tungeandika nusu tu."

Tulirudi kwenye ua, tukatafuta uzi. Ulikuwa wa mapengo tisa. Mlinzi akatuachia saa nzima zaidi, ukungu ukatukuta njiani, na alitushusha kama mizigo.

Kule nyumba ya mimea mkuu mpya alitoa kadi kutoka kabati la kumi na nne. Akaandika rangi ya asubuhi na rangi ya alasiri. Halafu akauliza ni nani aliyeona. Nikamwambia andika dada yangu, miaka thelathini na nne alikuwa akiliona. Dada akatikisa kichwa.

"Hapa hatuandiki ya kusimuliwa," akasema. "Aliona mdogo wangu."

Kwa hiyo jina langu ndilo lililoko kwenye lebo, mimi niliyesema ua halina ndugu. Dada aliomba tu kadi na sindano. Akapapasa hadi pembe ya chini, akashona tone moja kwa uzi wa mapengo mawili na tone moja kwa uzi wa mapengo tisa, kando kando, na hayakupinda.

Aliishi miaka miwili na nusu baada ya hapo. Kulikuwa na swali moja aliloniuliza barazani, Jumapili nyingi, kana kwamba hajawahi kuliuliza. Lilianza kugeuka saa ngapi? Lilianzia ukingoni au katikati? Nami kila mara nilimjibu kweli: sijui, dada, nilikuwa nakunywa chai, nimeligeuzia mgongo. Anaitikia kwa kichwa. Anapitisha kidole kwenye kadi ya pili, kisha ya tisa, na kati yake zile sita ambazo hakuna aliyeziona.

Mwaka ujao watachoma tena. Magoti yangu hayafai, na binti yangu ameshaniambia kwamba kwa umri huu ni wazimu. Nimempigia mlinzi mwenyewe. Nimemwambia anitafutie kigoda cha chini nitakachokalia mbele ya ua tangu alfajiri, na kwamba safari hii sibebi chai.